Mahakama ya Afrika, Arusha: Huduma Inayongoja Ridhaa ya Mlalamikiwa

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ofisi zake zimo katika majengo ya Kituo cha Uhifadhi cha Mwalimu Nyerere, barabara ya Dodoma, Arusha, inaweza kutathminiwa kama huduma nyingine yoyote ya umma. Ina watu iliyokusudiwa kuwahudumia, ina masharti ya kuifikia, ina gharama na muda wa kungoja, na mwishoni hutoa kitu ambacho mwombaji huondoka nacho mkononi. Wanasheria wameichambua sana kwa lugha yao. Mimi nafundisha nadharia za uhusiano wa kimataifa, na wanafunzi wangu huniuliza swali la kawaida zaidi: je, mtu aliyedhulumiwa na serikali yake akienda pale, atahudumiwa? Jibu fupi ni kwamba huduma ya ndani ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani, ila anayeamua nani apokelewe ni yuleyule anayelalamikiwa. Jibu refu linahitaji kurudi nyuma kidogo, kwa sababu hali hiyo haikuzuka Arusha.

Mwaka 1977 Hedley Bull, mwanazuoni Mwaustralia aliyefundisha Oxford, alitoa kitabu ambacho mpaka leo ni nadra kukosekana katika mtaala wa somo hili. Hoja yake ilikuwa kwamba dola, japo hazina serikali moja juu yake, huunda jamii yenye utaratibu: hutambuana, hutimiza ahadi, na huwekeana mipaka katika matumizi ya nguvu. Haki, kwa maoni yake, haipatikani pasipo utaratibu huo, na kwa hiyo dai la haki linaloutikisa lapaswa kutazamwa kwa hadhari. Bull hakudai kwamba utaratibu ushinde siku zote, na katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyapa uzito madai ya nchi zilizokuwa zimetoka katika ukoloni. Hata hivyo wakosoaji wa mrengo wa baada ya ukoloni walimrudisha kwenye swali la awali kabisa, nalo ni utaratibu huo ulijengwa na nani na kwa gharama ya nani. Antony Anghie na Siba Grovogui wameonyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba mamlaka kamili ya dola hayakukamilika Ulaya ndipo yakagawiwa kwa wengine. Yalipata sura yake katika kukutana kwa Ulaya na watu iliowatawala, kwa kuamua ni nani anayestahili kuwa nayo na ni nani asiyestahili.

Ushahidi wa ukosoaji huo hauhitaji kutafutwa mbali. Ibara ya 38 ya sheria inayoiongoza Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague bado inataja kanuni zinazotambuliwa na “mataifa yaliyostaarabika”. Mahakama hiyohiyo, mnamo Julai 18, 1966, iliitupa kesi ambayo Ethiopia na Liberia ziliifungua mwaka 1960 kupinga utawala wa makaburu wa Afrika Kusini katika nchi ambayo leo ni Namibia. Majaji waligawanyika saba kwa saba, na kura ya ziada ya rais wa mahakama, Percy Spender wa Australia, ndiyo iliyoamua. Hawakusema kwamba ubaguzi ni halali. Walisema kwamba Ethiopia na Liberia hazikuwa na haki ya kisheria ya kudai jambo lile, na baada ya miaka sita ya kubishana swali lenyewe halikujibiwa. Nawaomba wasomaji waikumbuke namna hiyo ya kushindwa, kwa maana Arusha inayo ya kwake.

Viongozi wa Afrika nao walikuwa na mizani yao. Mwaka 1964, Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, na Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa uamuzi huo. Huo ni utaratibu mbele ya haki, tena kwa sababu zinazoeleweka. Lakini mwaka 1968 Tanzania iliitambua Biafra, jimbo lililokuwa limejitenga na Nigeria, na mwaka 1979 majeshi yake yalimwondoa Idi Amin Kampala, jambo ambalo lilimfanya Nyerere alaumiwe na baadhi ya wakuu wenzake katika mkutano wao wa Monrovia mwezi Julai mwaka huo. Lawama ilikuwa kwamba amevunja kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Miaka miwili baadaye, Juni 1981, wakuu haohao walipitisha jijini Nairobi Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao kwa mara ya kwanza uliwapa watu wa bara hili haki wanazoweza kuzidai dhidi ya dola zao. Mkataba huo uliunda Tume, yenye makao Banjul, lakini haukuunda mahakama. Itifaki ya kuunda mahakama ilisubiri hadi Juni 1998, Ouagadougou, ikaanza kutumika Januari 2004, na mwaka 2007 ofisi zikahamia Arusha kutoka Addis Ababa.

Sasa tuje kwenye masharti ya kupokelewa. Itifaki ya Ouagadougou imeridhiwa na zaidi ya nusu ya nchi za Umoja wa Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Msomaji anaweza kudhani kwamba kuridhia kunatosha. Hakutoshi. Ibara ya 34(6) inasema kwamba Mahakama haitapokea maombi ya mtu binafsi au ya asasi ya kiraia dhidi ya nchi ambayo haijatoa tamko la pekee la kukubali maombi ya aina hiyo. Nchi zilizowahi kutoa tamko hilo ni kumi na mbili tu. Kenya haijatoa, Uganda haijatoa, Burundi haijatoa, Kongo haijatoa. Tanzania ilitoa mwaka 2010 na ikaliondoa. Rwanda pia ilitoa na ikaliondoa. Maana yake ni kwamba kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, mahakama iliyo jirani yao kuliko zote za bara hili haiwezi leo kusikiliza lalamiko lao jipya lililopelekwa moja kwa moja.

Uamuzi wa kwanza kabisa wa Mahakama, wa Desemba 15, 2009, ulikuwa wa kukataa. Raia wa Chad aliyeishi Uswisi aliishtaki Senegal kuhusu kesi ya Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, na Mahakama ikasema haina uwezo wa kusikiliza kwa kuwa Senegal haijatoa tamko. Mwaka 2011 wakili Femi Falana wa Nigeria alijaribu njia nyingine: aliushtaki Umoja wa Afrika wenyewe akitaka ibara ya 34(6) itamkwe kuwa batili. Mwaka 2012 majaji wengi walisema Umoja huo si mshirika wa Itifaki, hivyo hauwezi kushtakiwa mbele yao. Watatu, yaani Sophia Akuffo, Bernard Ngoepe na Elsie Thompson, walipinga, wakisema kwamba kifungu kinachowafungia njia watu binafsi kinakinzana na lengo lenyewe la Itifaki na la Mkataba. Maoni yao ya wachache ndiyo maandishi bora kuliko yote niliyoyasoma kutoka Arusha, na kama ningekuwa na nafasi ya kumpa mwanafunzi kurasa chache tu kuhusu utaratibu na haki, ningempa hizo kabla ya Bull.

Kwa waliofanikiwa kupokelewa, huduma yenyewe ina sifa nyingi. Hakuna ada ya kufungua shauri. Mwombaji halazimiki kuwa na wakili, na Itifaki inaruhusu apewe wa bure pale maslahi ya haki yanapodai hivyo. Sharti la kumaliza kwanza ngazi za mahakama za nchini limetafsiriwa kwa utu: katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania, mwaka 2015, Mahakama ilisema mfungwa ambaye rufaa yake imeshaamuliwa na Mahakama ya Rufani hahitaji tena kuomba mapitio au kufungua kesi ya kikatiba ndipo aje Arusha, kwa kuwa hizo ni njia za ziada. Uamuzi huo uliwafungulia njia wafungwa wengi wa Tanzania, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya mashauri dhidi ya nchi mwenyeji yawe mengi kuliko ya nchi nyingine zote. Jaji ambaye ni raia wa nchi inayoshtakiwa haketi kusikiliza shauri hilo, kanuni iliyomhusu hata Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania ambaye baadaye aliiongoza Mahakama hii. Nasisitiza jambo hili kwa sababu baadhi ya watu huzungumza kana kwamba majaji wa Arusha ni wageni wasiojua mazingira yetu, au kinyume chake, kwamba ni wenzetu wanaolindana.

Upande wa lugha siwezi kusifu sana. Kiswahili ni miongoni mwa lugha za Umoja wa Afrika, na waombaji wengi zaidi wametoka katika magereza ya nchi inayozungumza Kiswahili. Hata hivyo hukumu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na mojawapo kati ya matoleo hayo mawili ndilo hutajwa kuwa lenye nguvu. Mtu aliyeandika maombi yake mwenyewe gerezani hupata uamuzi kuhusu uhai wake kwa lugha ambayo pengine lazima asomewe na mwingine.

Ubora wa hukumu zenyewe ndio sehemu inayonifanya niitetee huduma hii mbele ya wanaoibeza. Chukua shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, lililoamuliwa Novemba 28, 2019. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamlazimu jaji kumhukumu kifo kila aliyetiwa hatiani kwa mauaji, bila kumwachia nafasi ya kuangalia mazingira ya mtu au ya tukio. Mahakama ilisema ulazima huo unavunja haki ya uhai, na kwamba kunyonga ni kumvunjia mtu utu wake. Ikaagiza sheria ibadilishwe. Wanadharia wetu wa ukoloni mamboleo wangepaswa kulisherehekea shauri hili, kwa maana Kanuni ya Adhabu ni urithi wa Waingereza, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1945. Mahakama ya Waafrika ilikuwa inaondoa kipande cha utaratibu wa kikoloni, na upande uliokuwa ukikitetea ulikuwa serikali ya Kiafrika.

Hali hiyohiyo inaonekana, tena kwa kina zaidi, katika shauri la Waogiek wa msitu wa Mau. Mwaka 2009 serikali ya Kenya iliwapa ilani ya kuhama ndani ya siku 30, kwa hoja kwamba msitu ni chanzo cha maji na unapaswa kulindwa. Kwa kuwa Kenya haijatoa tamko, Waogiek hawakuweza kwenda Arusha wenyewe. Asasi zao zilipeleka lalamiko Banjul, na Tume ikalipeleka mbele ya Mahakama mwaka 2012. Hukumu ilitoka Mei 26, 2017. Mahakama ilisema hakuna ushahidi kwamba Waogiek ndio walioharibu msitu, na kwamba kuwaondoa kumevunja haki zao za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo. Anayejua historia ya eneo lile atakumbuka kwamba tume ya ardhi ya kikoloni iliyoongozwa na Morris Carter, katika miaka ya 1930, ilipendekeza jamii za wawindaji na warina asali wa misituni, ambao Waingereza waliwaita Wadorobo, zihamishiwe kwenye maeneo ya makabila jirani na kumezwa humo. Serikali huru ilirithi mpaka wa msitu, ikarithi na mawazo ya aliyeuchora.

Katika hukumu hiyo kuna aya moja ambayo hupitwa haraka, nami naona ndiyo yenye uzito zaidi kwa somo letu. Mkataba wa Nairobi unatoa haki kwa “watu” kama jumuiya, na serikali nyingi zilipenda kusoma neno hilo kama jina jingine la taifa zima, yaani la dola. Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilalamika tangu mwaka 1989 kwamba mjadala wa haki za binadamu barani uliziweka pembeni haki za umma za kujitawala na kujipanga. Mahakama ilikubali kwamba jamii iliyo ndani ya nchi inaweza kuwa “watu” wenye haki hizo, ila ikaongeza sharti: mradi wasiyatilie shaka mamlaka na mipaka ya dola bila ridhaa ya dola hiyo. Kwa hiyo haki imetolewa, na mlinzi wa utaratibu ameketi mlangoni. Sioni kwamba majaji walikuwa na njia nyingine mwaka ule, lakini yeyote anayedhani Mahakama hii imevuka fikra za Cairo ya 1964 na aisome tena aya hiyo.

Juni 2022 Mahakama iliagiza Kenya iwalipe Waogiek shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa madhara yasiyo ya mali, iwape hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao, na ishauriane nao katika yanayowahusu. Tangu ilani ya kwanza ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu. Novemba 2023 ziliripotiwa habari za watu kubomolewa nyumba upya katika Mau, wakiwemo Waogiek. Udhaifu mkubwa wa huduma hii, kwa wale waliofaulu kuipata, ni huo: Mahakama haina askari wala dalali wa kutekeleza hukumu. Inachoweza ni kuitaja nchi isiyotii katika ripoti yake kwa Umoja wa Afrika, ambako ripoti hiyo husomwa na serikali zilezile. Tanzania iliamriwa mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, iruhusu mgombea binafsi. Mtikila alifariki mwaka 2015, na uchaguzi mkuu umekuja na kupita mara kadhaa bila ruhusa hiyo.

Kuhusu nchi kujiondoa, tarehe zinasema mengi. Rwanda ilitoa taarifa mwaka 2016, wakati shauri la mwanasiasa Victoire Ingabire likiendelea. Tanzania Novemba 2019, wiki moja tu kabla ya hukumu ya Rajabu. Benin na Côte d’Ivoire mwaka 2020. Tunisia mwaka 2025. Lugha iliyotumika ilifanana: mamlaka ya taifa yameingiliwa, majaji wamevuka mipaka yao. Ni lugha ambayo wazee wetu waliitumia dhidi ya London, Paris na Lisbon, na waliitumia kwa haki. Sasa inatumiwa dhidi ya mfungwa wa gereza la Butimba, Mwanza. Hata ukosoaji halali wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kwamba iliwaandama Waafrika na kuwaacha wengine, ulizaa mwaka 2014 Itifaki ya Malabo, ambayo ingeipa mahakama ya Afrika uwezo wa kusikiliza kesi za jinai huku ikimkinga rais aliye madarakani na maafisa wake wakuu. Wanadharia wa baada ya ukoloni walitupa zana za kuuliza utaratibu wa dunia unamlinda nani. Wengi wao walisita kuelekeza swali hilohilo Dodoma, Kigali au Nairobi, pengine kwa kuogopa kuwapa hoja wale wanaotaka kutufundisha ustaarabu tena. Hofu hiyo naielewa, ila mwombaji wa Arusha ndiye anayeilipia.

Kwa anayefikiria kuitumia huduma hii, hali ilivyo ni hii. Nchi ikijiondoa, athari huanza baada ya mwaka mmoja tangu taarifa, na mashauri yaliyokwisha kufunguliwa huendelea. Kwa Tanzania athari hiyo ilianza Novemba 22, 2020. Kabla ya tarehe hiyo wakili Jebra Kambole alikuwa ameshapata, Julai 2020, hukumu kwamba ibara ya 41(7) ya Katiba, inayozuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais, inakiuka Mkataba. Mwenye lalamiko jipya dhidi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anaweza kulipeleka kwenye Tume ya Banjul, akitumaini kwamba nayo italifikisha Arusha kama ilivyofanya kwa Waogiek. Ajiandae kungoja miaka. Raia wa Malawi au Ghana bado anaweza kwenda moja kwa moja.

Njia nyingine ipo katika mji huohuo. Mahakama ya Afrika Mashariki haidai tamko lolote: ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuishtaki serikali kwa kitendo kinachokiuka Mkataba huo, hata kabla ya kumaliza mahakama za nchini. Haikupewa rasmi mamlaka ya haki za binadamu, lakini tangu shauri la Katabazi dhidi ya Uganda, mwaka 2007, imesema haitakwepa wajibu wake eti kwa sababu haki za binadamu zimetajwa ndani ya shauri. Mwombaji azingatie muda tu: ni miezi miwili tangu kitendo kutokea au tangu alipokijua, na majaji wa pale huihesabu kwa ukali.